Mvuvi, Dalali na Mnunuzi: Mauzo ya Samaki Dikoni katika Pwani ya Waswahili

Mtu asimamaye katika diko lo lote la pwani ya Afrika ya Mashariki, wakati vyombo vinaporudi kutoka baharini, huona jambo ambalo kwa jicho la haraka ni jepesi sana: mvuvi ana samaki, mwenye haja ana fedha, na baina yao hapana kitu ila mchanga. Kwa hiyo wengi hudhani kuwa kununua samaki kwa mvuvi mwenyewe ndiyo biashara ya asili, na kwamba dalali, tajiri na soko lenye sakafu ya saruji ni mambo ya baadaye yaliyokuja kuiharibu. Historia ya madiko haikubaliani na dhana hiyo yote. Samaki anayeshushwa chomboni aghalabu amekwisha kuwa na wenyewe kabla mnunuzi hajafungua mfuko wake. Na swali la nani mwenye haki juu yake, na kwa kiasi gani, ndilo lililoendesha mambo ya diko tangu zamani.

Ushahidi wa kale hautaji bei. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo na mtu aliyejua safari za Bahari ya Hindi, chataja kisiwa kiitwacho Menouthias, na chasema kwamba watu wake walikuwa na mitumbwi ya gogo na vyombo vilivyoshonwa, wakivulia samaki na kasa, na kwamba kasa waliwakamata kwa matenga yaliyofungwa penye milango ya miamba. Mtu aliyepata kuona dema likitegwa, au uzio ukisimamishwa maji yakipwa, hatashangazwa na habari hiyo. Lakini mwandishi yule alikuja kutafuta pembe na magamba ya kasa. Kitoweo cha wenyeji hakikumhusu.

Machimbo ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yaliyoongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, yalitoa mifupa mingi ya samaki. Kwa jumla, katika tabaka za kale wengi ni samaki wa mwambani na wa maji mafupi, ambao mtu aweza kuwapata bila kwenda mbali. Samaki wa bahari kuu, papa wakiwa miongoni mwao, huongezeka katika tabaka za baada ya mwaka 1000 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa historia ya biashara kuliko inavyoonekana. Mtu mmoja mwenye mshipi na mtumbwi aweza kupata tasi na changu wa nyumba yake, na akizidisha akamgawia jirani. Papa na nguru wa nje ya mwamba huhitaji chombo kikubwa, nyavu nzito na watu kadhaa. Na palipo na chombo kikubwa pana mwenye chombo, ambaye huenda hapandi chomboni kabisa. Basi yaonekana kwamba mgawanyo baina ya anayevua na anayemiliki ni wa zamani sana, wala haukuletwa na soko la mjini.

Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, aliandika juu ya Mombasa kwamba chakula cha watu wake kilikuwa zaidi ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kwao kutoka bara la pwani. Nafaka ilivuka maji kuja kisiwani. Lazima kitu fulani kilirudi badala yake. Hakusema ni kitu gani, lakini mji usiolima, wenye samaki kila siku, hauna haja ya kutafuta mbali sana bidhaa ya kubadilishana.

Lugha nayo ina habari zake. Maneno ya kuvua ni ya Kibantu karibu yote: kuvua na mvuvi, mshipi, mtumbwi, dema, uzio. Kuuza, kununua na fungu ni ya Kibantu vilevile. Lakini mara mtu wa tatu anapoingia baina ya mvuvi na mlaji, maneno hugeuka yakawa ya Kiarabu: mnada, dalali, tajiri, faida, hasara, deni. Hata jina la mali yenyewe lina sura mbili: katika lahaja za kaskazini lingali likijulikana neno la kale, nswi, lakini neno lililoenea pwani nzima na kuingia bara ni samaki, ambalo asili yake ni Kiarabu. Mtu mpenda mzaha angesema kwamba kiumbe yule ni nswi maadam yumo majini, na huwa samaki afikapo sokoni. Hilo lisichukuliwe kuwa ushahidi kamili, kwa maana maneno husafiri kwa njia nyingi. Ila mpangilio wake haukosi maana.

Saa ya diko haikupangwa na mtu. Ngalawa na mashua za mshipi hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo wa bara uvumao usiku kuelekea baharini, na hurudi mchana upepo wa bahari ukisha kushika. Wenye madema na nyuzio hungoja maji yapwe, na kwa hiyo saa yao hubadilika kila siku kwa mwezi, na kazi yao huwa tofauti katika bamvu na katika maji mafu. Wavuvi wa dagaa watumiao taa hupenda usiku wa giza. Mbalamwezi ikisimama, taa haivuti kitu, nao hupumzika. Kisha kuna majira ya mwaka: Kaskazi huleta bahari tulivu na maji maangavu, ilhali Kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba. Mnunuzi ajuaye hesabu hizo huja kwa wakati wake. Asiyezijua hungoja bure au hukuta mabaki.

Hesabu hizo ndizo zilizofanya bei. Samaki wa nchi ya joto hana subira. Kabla ya barafu kufika, mvuvi aliyeshusha samaki alasiri alijua kwamba kila dakika ipitayo ni hasara yake na ni faida ya mnunuzi, na kwamba jua likisha kutua hana mali ila mzigo. Kilichomwokoa ni moto na chumvi. Wanawake waliokaanga na waliokausha walinunua kilichobaki, na kwa njia hiyo waliiwekea bei sakafu: mvuvi hakushurutishwa kuuza kwa bei iliyo chini ya ile ambayo mkaangaji angeitoa. Jambo hili halitajwi sana katika maandishi ya zamani, kwa kuwa waandishi wake waliangalia vyombo na nyavu, wakampita mama aliyeketi na kikaango. Ng'onda wa wenyeji alishindana tena na papa mkavu aliyeletwa na majahazi kutoka Uarabuni na pwani ya Wasomali wakati wa Kaskazi, ambaye watu wa Unguja walimzoea hata wakamwona ni chakula chao cha asili.

Kabla ya bei, hata hivyo, palikuwa na kitoweo. Katika madiko mengi ilikuwa desturi, na mahali pengine ingali desturi, kwamba mtu aliyesaidia kupweleza ngalawa, au kushika kamba ya juya, au kubeba tanga na makasia hadi juu ya mchanga, hapewi ujira bali hupewa samaki. Mzee asiyeweza tena kwenda baharini, mjane aliyefiwa na baharia, mtoto aliyefika na kikapu kitupu akasimama bila kusema neno: hao nao walipewa, kila mmoja kwa kadiri ya wingi wa mavuvi. Nahodha aliyenyima alisemwa. Yafaa kufahamu kwamba hiyo haikuwa sadaka tu. Mvuvi wa leo ndiye mzee wa kesho, na ngalawa isiyosaidiwa kupanda mchanga ingepigwa na mawimbi. Kitoweo kilikuwa namna ya bima iliyolipwa kwa samaki, na kilitoka kabla mali haijahesabiwa. Yule aliyekuja na fedha alikuja baada ya hao.

Baada ya kitoweo ulifuata mgawanyo. Namna zake hutofautiana baina ya diko na diko, lakini msingi ni mmoja: huondolewa gharama, kisha hutengwa fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia, nahodha akizidishiwa. Mahali pengine waligawana samaki wenyewe na kila baharia akauza lake. Mahali pengine waliuza kwanza wakagawana fedha. Mnunuzi aliyefika katika diko la namna ya kwanza alikuwa kweli akinunua kwa mvuvi. Katika diko la namna ya pili alikuwa akinunua kwa ushirika mzima, na baharia aliyempokea fedha hakuwa na idhini ya kumpunguzia hata kidogo. Wageni wengi waliolalamika kwamba wavuvi wa mahali fulani ni wagumu hawakujua tofauti hiyo.

Fedha ndogo nayo ina historia yake. Katika Unguja, riali ilikuwa sarafu kubwa mno kwa kununulia samaki wa mlo mmoja, na kwa mambo madogo mtama ulitumika kama sarafu, hata katika zama za Seyyid Said, karibu na mwaka 1840, zilipoletwa pesa za shaba kutoka Bara Hindi. Rupia ilikuwa na pesa 64. Katika mamlaka ya Kijerumani rupia iligawanywa kuwa heller 100 kuanzia mwaka 1904, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja shilingi ya senti 100. Kila sarafu mpya ilileta ugomvi wake dikoni, kwa sababu samaki hagawanyiki kama kitambaa. Dawa iliyopatikana ni fungu. Mwuzaji wa mafungu habadilishi bei, bali hubadilisha fungu: siku ya neema huweka vibua sita, siku ya dhiki huweka vitatu, na sarafu inayotakiwa ni ileile. Kwa hiyo mlaji maskini aliweza kula samaki kila siku, ingawa hakula kiasi kilekile. Mizani haina huruma ya namna hiyo.

Dalali alikuja na mji. Mzizima kilikuwa kijiji, na wavuvi wake waliuza kwa watu waliowajua. Seyyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na hasa Wajerumani walipouhamishia makao makuu ya utawala kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walikusanyika hapo askari, makarani, wapagazi na vibarua, watu wenye mshahara lakini wasio na mjomba mvuvi. Unguja Mjini palikuwa vivyo hivyo tangu zamani zaidi, na soko la Darajani lilipojengwa mwaka 1904, mnada wa samaki ulipata nyumba. Mgeni hana haki ya kitoweo, wala mvuvi hana njia ya kujua kama atalipa. Baina ya watu wawili wasiojuana husimama mtu anayewajua wote wawili, na huyo ndiye dalali.

Ni desturi kumlaumu. Lakini kazi yake yastahili kutazamwa kwa haki. Mali yamwagwa chini, naye hutaja bei kwa sauti, wachuuzi huongeza kwa neno au kwa ishara, na katika muda mfupi fungu limepata mwenyewe na jingine limewekwa. Mvuvi aliyekesha baharini hana nguvu ya kubishana na watu hamsini, na samaki hangojei mabishano. Dalali huchukua ushuru wake, na mara nyingi huwakopesha wachuuzi hadi jioni, akijitwika hatari ambayo mvuvi hawezi kuibeba. Vilevile mnada una jambo moja ambalo mauzo ya sirini hayana: kila mtu husikia bei. Mvuvi aliyeketi pembeni ajua mali yake imekwenda kwa kiasi gani.

Tajiri ni jambo jingine. Huyo hasimami mnadani. Fedha yake ilitangulia. Alinunua nyavu, au alitengeneza dau, au alimlipia mvuvi mazishi ya mama yake wakati wa Kusi ambapo hapakuwa na kitu, na sharti lake ni moja: samaki wote waletwe kwake, kwa bei yake. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani waliisoma kwa madhehebu ya Shafii, hukataza kuuza samaki aliye majini, kwa kuwa hamilikiwi wala hajulikani ni wangapi. Katika umbo, tajiri hanunui samaki aliye majini, hukopesha tu. Katika maana, samaki wa mwaka mzima amekwisha kuuzwa kabla ya mshipi kulowa. Hila hii ni nyembamba, na wavuvi wenyewe waliiona wazi, ila njaa haimngojei mufti. Dau la mnyonge haliendi joshi, wasema wahenga, na yafaa kukumbuka kwamba aliyelisema neno hilo kwanza huenda alikuwa na dau kweli.

Kwa hiyo yule mnunuzi wa mjini afurahiaye kwamba amekwenda dikoni akanunua kwa mvuvi kwa bei nafuu, mara nyingine amenunua samaki wa kuibwa. Si kuibwa baharini. Ni kuibwa katika deni. Baharia humficha nguru mmoja chini ya tanga, akamwuza pembeni kabla chombo hakijafika mahali tajiri alipo, apate fedha ya unga wa siku hiyo. Tajiri huita jambo hilo khiyana. Wake wa mabaharia wana jina jingine kwa jambo hilo hilo.

Nyavu za nailoni, zilizoenea tangu miaka ya 1950, na injini zilizofuata, ziliongeza mavuvi, na ziliongeza deni kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu nyavu za zamani ziliweza kusokotwa nyumbani na hizi hazisokotwi. Baruti nayo ikaingia. Tanganyika na Zanzibar zikiwa zimekwisha kuungana, sheria ya uvuvi ya mwaka 1970 iliikataza, na ile ya mwaka 2003 ikakaza zaidi, lakini kwa miaka mingi mshindo ulisikika mchana kweupe. Hapa mnunuzi wa dikoni alikuwa na uwezo ambao mnunuzi wa mbali hana: samaki wa baruti hulegea nyama, na mifupa yake huvunjika karibu na uti, na mkono uliozoea humtambua mara moja. Wako mama lishe waliomkataa. Wako wengi zaidi waliomtaka apunguziwe bei.

Barafu ndiyo iliyogeuza saa ya diko. Samaki wa Mafia na Kilwa sasa hufika Dar es Salaam akiwa amelala katika barafu siku moja au zaidi, naye hukutana sokoni na yule aliyevuliwa usiku uleule. Soko la Magogoni, ambalo kila mtu huliita Feri, lilijengwa upya kwa msaada wa Japani likafunguliwa mwaka 2002, hatua chache kutoka Ikulu. Lina mahali pa mnada, mahali pa kuuzia rejareja, mahali pa wapaa samaki na mahali pa wakaangaji, na moshi wa hao wa mwisho huonekana mbali. Wanunuzi wadogo huungana watatu au wanne kununua fungu moja la mnadani kisha wakagawana, na hivyo hupata bei ya mchuuzi bila kuwa wachuuzi. Hila hiyo ni njema kuliko kumwomba baharia auze pembeni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa pweza. Katika Mafia, Songosongo na sehemu za kusini, pweza alikuwa zaidi samaki wa wanawake, ijapokuwa wanaume nao walimvua. Katika maji ya bamvu walitoka kwa miguu mwambani na kijiti, wakarudi na kitoweo, na kilichozidi wakakiuza kwa jirani au wakakikausha. Katika miaka ya 1990 makampuni ya kusafirisha nje yalianza kutuma watu na barafu hadi dikoni, wakanunua pweza kwa kilo na kulipa papo hapo. Hapakuwa na dalali baina yao. Mwanamke aliyetoka mwambani aliuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa kampuni, naye alipata fedha ambayo mama yake hakupata kuishika. Basi bei ilipopanda, wanaume wenye mitumbwi na miwani ya kuzamia waliingia katika kazi hiyo kwa wingi, wakaenda maji marefu ambako wanawake hawafiki, na pweza wa mwambani wakapungua na kuwa wadogo. Vijiji kadhaa vimekubaliana kufunga miamba yao kwa miezi michache ili pweza wakue, chini ya vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi ambavyo sheria ya 2003 ilivipa nafasi. Siku ya kufungua, mwamba hujaa watu tangu alfajiri, na mizani husubiri ufukoni.

Mizani hiyo hupima kila pweza. Zamani aliyerudi mwambani na pweza wanne alimwachia mmoja bibi wa nyumba ya kwanza aliyoipita. Sasa pweza huyo mmoja ana bei ijulikanayo kwa shilingi, na bibi yule ajua vilevile, na huona haya kuomba. Huko Feri, mtu anayesaidia kushusha mali hulipwa fedha, wala hapana anayesimama kimya na kikapu, kwani wapo mamia na hawajulikani kwa majina. Katika madiko madogo ya kusini, ambako ngalawa zingali zikipandishwa mchangani kwa mabega, mtoto aliyebeba kasia hupewa tasi wake kabla nahodha hajaanza kuhesabu, naye hukimbia nyumbani bila kungoja kusikia bei.